Maafa Yanapokuja, Nani Atambeba? Watu Wenye Ulemavu na Mipango ya Dharura Masasi na Newala

Mwinjili Marko anasimulia habari za mtu mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne hadi kwa Yesu (Mk 2:1-12). Walipokuta mlango umezibwa na umati, walilifungua paa wakamteremsha. Mara nyingi tunaitafakari imani yao; yafaa tuutazame na mpango wao pia. Walijua mgonjwa wao yuko wapi, walitosha kumbeba, na walikuwa tayari kulibadili jengo ili mtu apite. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa mpango wowote wa dharura usiomwacha mtu nyuma.

Sisi wa kusini hatuwezi kusema kwamba maafa ni habari za mbali. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa Mtwara na Lindi walipewa tahadhari. Hatimaye kilitua Cabo Delgado, ng’ambo ya Ruvuma. Tuliponea chupuchupu, lakini swali limebaki: tangazo la redio au la kipaza sauti humfikiaje kiziwi? Asiyeona akilisikia, nani atamwonesha njia? Na anayetumia kiti cha magurudumu atakipitishaje katika mchanga wa njia zetu, hasa msimu wa korosho, wakati jamaa zake wote wako shambani?

Sheria inasemaje?

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inazitaka nchi kuwalinda watu hao wakati wa hatari na maafa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaweka kamati zao kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo inaweka kamati za maafa hadi ngazi hiyo hiyo. Basi kijiji kimoja kinapaswa kuwa na kamati mbili. Zisipokutana, wanaopanga uokoaji hawatajua ni nani asiyeweza kukimbia. Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu aketi katika kikao cha kamati ya maafa.

Huduma za kila siku ndizo maandalizi

Uwanda wa Makonde una uhaba wa maji tangu zamani, na vizazi vya akina mama wameteremka mabondeni kuyatafuta. Mahali ambapo mwenye afya hutembea kwa shida, mwenye ulemavu hutegemea hisani au hununua. Kituo cha maji chenye ngazi, zahanati isiyo na njia ya mteremko, choo chenye mlango mwembamba: vyote humzuia mtu siku ya amani, na siku ya maafa humweka katika hatari ya kufa. Shule au kanisa litakalopokea waliohamishwa lina wajibu wa kukaguliwa mapema, si baada ya mvua kuanza.

Wajibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo

Jumuiya inazijua nyumba zake kwa majina. Kwa kushirikiana na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, inaweza kufanya haya:

- kuwauliza wenye ulemavu wenyewe wanahitaji msaada gani, bila kuwakisia;
- kumpangia kila mmoja majirani wawili watakaomfikia kwanza, hata kama si wa dhehebu wala dini yetu;
- kukubaliana alama ya kumwarifu kiziwi;
- kukumbuka dawa, fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu wakati wa kuhama.

Orodha ya majina iandikwe kwa ridhaa yao na itunzwe na wachache waaminifu. Nchi yetu imeshuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa. Taarifa za makazi yao zikitangazwa ovyo, kinga hugeuka kuwa mtego.

Tusiiite kazi hii huruma tu. Ni haki ya mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Katika mkutano ujao wa kijiji, muumini aulize waziwazi: kamati ya maafa ipo, na ndani yake nani anawasemea wenye ulemavu?