HAKI YA NJIA KATIKA MJI WETU

 

Imepokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Wakamweleza kuwa hawana budi, kwani huko ndiko wanakozungumza. Akawaambia kuwa, ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake. Walipomwuliza haki hiyo ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Msomaji mpenzi, litazame jambo hili kwa makini. Jirani ana haki, mnyama ana haki, nayo njia imepewa haki yake. Na kama njia za Madina, zilizopitwa na watu na ngamia, zilikuwa na haki, basi njia za Dar es Salaam, zenye moshi na honi na magari ya kila namna, haki yake haikupungua, bali imezidi.

Jina lenyewe la Kariakoo latukumbusha jambo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu hao walibeba mizigo ya vita vichwani na mabegani, na wengi wao hawakurudi makwao. Mtaa wetu, basi, ulipewa jina la watu wa miguu. Na hata leo, ukisimama Mtaa wa Kongo asubuhi, utamwona kijana anayesukuma mkokoteni, mwenye guta la kukanyaga, mama aliyebeba kapu, na mtoto aliyekumbatia juzuu yake. Hao ndio wasioichafua hewa, na hao ndio wanaosukumwa ukingoni.

Kupanga njia si jambo geni katika dini. Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, iwekwe dhiraa saba. Maana yake ni kuwa mwenye nguvu asiimeze njia ya mnyonge, bali kiwekwe kipimo kinachojulikana na wote.

Serikali yetu nayo imejitahidi kuweka kipimo. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka uliundwa mwaka 2007, ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza 2012, na mabasi yakaanza kazi tarehe 10 Mei 2016, katika njia ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, hapa Kariakoo. Hekima yake ni nyepesi kufahamika: basi moja refu huchukua watu zaidi ya 100, ambao lau wangegawanyika katika magari madogo, wangeijaza barabara magari na kuijaza hewa moshi. Kwa kazi hiyo mji wetu ulipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, nao ulikuwa wa kwanza katika Afrika kuipata.

Hatusemi kuwa kazi imekwisha. Abiria wamelalamika miaka mingi juu ya uchache wa mabasi na msongamano vituoni. Na pale Jangwani mafuriko ya Mto Msimbazi yameifunga barabara mara nyingi, yakatufundisha kuwa maji nayo yana njia yake, na mwenye kuiziba atalipishwa.

Tena basi, liwe zuri namna gani, haliingii uchochoroni. Safari huanza mlangoni na huishia mlangoni, na sehemu hizo mbili ni za miguu. Watoto wetu huvuka barabara mara nne kwa siku, kwenda shule na kurudi, kwenda madrasa na kurudi, na wengi wao hawana wa kuwashika mkono. Sisi tulio walimu twaijua hofu ya kuita majina, na jina moja lisiitikiwe.

Shirika la Amend lilianza katika mji huu kuzitengeneza njia za shule za msingi zenye hatari kubwa: likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa watoto waliojeruhiwa walipungua kwa kadiri ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapewa Tuzo ya Miji ya WRI Ross. Si majengo makubwa hayo. Ni saruji, rangi na shauri jema.

Lipo jambo zito zaidi. Njia ya miguu ni ya mpita njia au ya mchuuzi? Mwezi wa Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa kwingine, wala mvutano haukwisha kwa hilo. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi wetu, na ada ya madrasa hutoka katika meza hizo. Lakini mama mja mzito au mzee kipofu akilazimika kushuka barabarani kwa kuwa njia imezibwa, huo ni udhia, na udhia haugeuki halali kwa sababu mtendaji wake ni maskini. Wala haki haisimami kwa kufukuza tu. Masahaba waliposema hawana budi, Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza, bali aliwapa sharti. Nasi twaona hivyo ndivyo: mchuuzi apewe mahali na kipimo, mpita njia aachiwe upana wake, malori yawekewe saa za kushusha mizigo, na mikokoteni na maguta yapewe pa kusimama.

Nani atayapanga haya? Mhandisi ajua kupima lami, lakini hajui madrasa hutoka saa ngapi, wala kona ipi imetisha watoto. Hayo twayajua sisi wakazi. Kila mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na wananchi wake. Kamati za misikiti na walimu wa madrasa wahudhurie, waandike mahali panapotaka kivuko, tuta au taa, wayapeleke, na wayafuatie. Wapanda baisikeli wa mji huu walijiunga katika chama cha UWABA, wakafanya misafara kudai njia zao, nao hawakungoja wawe matajiri. Kushauriana ni amri katika dini yetu.

Na kabla ya kudai kwa wengine, tujidai wenyewe. Siku ya Ijumaa magari yetu hufunga mitaa, mwenye kuharakia swala akamzibia njia mgonjwa. Mwendo wa dakika kumi twauendea kwa bodaboda, ilhali kila hatua ya kwenda msikitini ina ujira wake. Na tupande mkungu au mwembe penye nafasi, mpita njia apate kivuli na kiumbe kilacho tunda lake kituandikie sadaka.

Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na tumefundishwa kuwa ndilo la chini kabisa. Asiyelifikia la chini, la juu atalifikiaje?