Sindano Kwanza, Kompyuta Baadaye

Anayetaka kuhamishia santuri zake kwenye kompyuta huanza kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Jibu ni jepesi: Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, inatosha kabisa. Kazi yenyewe iko kwenye sindano.

Mfereji wa santuri ya plastiki unakaribia wembamba wa unywele, na muziki wote umechongwa kwenye kuta zake mbili. Kuta hizo huitikisa sindano, na mtikisiko huo huzalisha umeme wa milivolti chache tu. Kabla ya kufika kwenye kompyuta, umeme huo lazima upite kwenye kikuza sauti maalumu cha santuri. Kiwandani, wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa. Kifaa hicho ndicho kinachorudisha uwiano. Bila hicho utapata muziki mkavu, usio na besi.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile alizorekodi mwimbaji Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, zina mambo yake. Nyingi zilitengenezwa kwa sheliaki, utomvu wa wadudu, na mifereji yake ni mipana zaidi. Sindano ya santuri za plastiki huzama hadi chini na kuparuza uchafu, kwa hiyo tafuta sindano nene ya 78. Wala usizifute kwa spiriti, kwani huyeyusha sheliaki.

Sasa tuje kwenye zile ndogo za mizunguko 45, ambazo kwa bendi zetu za miaka ya 1960 nyingi ni za mono. Muziki wa mono huipeleka sindano kushoto na kulia tu. Inaporuka juu na chini, inasoma vumbi na uchakavu. Basi rekodi kwa stereo, kisha unganisha chaneli mbili ziwe moja. Muziki, ulio sawa pande zote, hubaki. Kelele za juu na chini, zinazofika kila upande zikiwa kinyume cha mwenzake, hufutana. Kwangu mimi hiyo ndiyo hila tamu kuliko zote, na haigharimu kitu.

Kitufe cha kupunguza kelele kitumie kwa uchoyo. Programu husikiliza mvumo wa sehemu isiyo na muziki, kisha huutoa kwenye wimbo mzima. Ukizidisha, inaondoka na pumzi ya mpiga saksafoni. Kiwango cha kurekodi nacho kiache chini kidogo ya ukomo, kwa sababu kilele cha sauti kikishakatwa hakirudi. Kwa ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, dakika moja ya stereo hula takriban megabaiti 10.

Faili la kwanza, lenye mikwaruzo yake yote, usilifute, hariri nakala. Piga picha lebo pande zote mbili, uandike jina la bendi, mtunzi na namba ya santuri, kisha hifadhi vyote pamoja katika sehemu zaidi ya moja.