Neno "Zoet" la Kiholanzi: Asili na Matumizi Yake

Kamusi nyingi hulifasiri neno zoet la Kiholanzi kwa neno moja tu, yaani "tamu". Fasiri hiyo si kosa, lakini haitoshi. Nayo humpotosha mfasiri asiyechunguza kinyume cha neno hilo katika kila matumizi.

Kwa asili, zoet ni neno la kale. Katika Kiholanzi cha Kati liliandikwa soete, nalo lina unasaba na sweet la Kiingereza na süss la Kijerumani. Aidha, wanaisimu wa historia hulihusisha na suavis la Kilatini na svādu la Kisanskriti, yote yakitokana na mzizi mmoja wa Kihindi-Ulaya.

Matumizi yake makuu ni manne. La kwanza ni ladha, ambapo kinyume chake ni bitter, "chungu". La pili ni maji: zoet water ni maji yasiyo na chumvi, na kinyume chake ni zout. Boma la Afsluitdijk lilipoitenga ghuba ya Zuiderzee na bahari mwaka 1932, maji ya ndani yaligeuka polepole kuwa zoet. Mswahili angeyaita "maji baridi", hata yakiwa na vuguvugu. La tatu ni tabia: een zoet kind ni mtoto msikivu, na kinyume chake ni stout, "mtundu".

Matumizi ya nne yalistawi Afrika ya Kusini, ambako Waholanzi walianzisha makazi mwaka 1652. Huko malisho yenye lishe mwaka mzima huitwa zoet, na yale ambayo nyasi zake hupungukiwa na lishe wakati wa kipupwe huitwa zuur, "chachu". Hapa anayeonja si mtu, bali ni ng'ombe. Eneo la Zuurveld, mashariki ya Rasi, liligombaniwa na Waxhosa na walowezi, hata majeshi ya Uingereza yakawafukuza Waxhosa mwaka 1811 na 1812. Msomaji akiambiwa kwamba jina hilo ni "nyika chachu" tu, atashangaa kwa nini damu imwagike kwa ajili ya ardhi mbovu. Kumbe wakati wa kiangazi cha huko, mvua zinaponyesha, malisho yake yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo, mtunga kamusi hana budi kuliorodhesha zoet pamoja na vinyume vyake: bitter, zout, stout na zuur. Maana ya neno hilo hubainishwa na jirani linalopingana nalo, wala si na ladha peke yake.