Kamera Kongwe na Majina Yaliyokosewa

Askari hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kambini kwamba risasi ikishatoka mtutuni hairudi. Somo hilo hilo tumelipata upya mbele ya kamera kongwe ya waandishi wa habari iitwayo Speed Graphic, ambayo hupiga picha moja tu kwa kila kipande cha filamu. Kamera hiyo ilianza kutengenezwa mjini Rochester, Marekani, mwaka 1912, na kwa miaka mingi ilikuwa silaha ya wapiga picha wa magazeti, polisi na majeshi ya nchi hiyo. Leo haitengenezwi tena, lakini filamu zake zingali zikiuzwa.

Ile tuliyoifufua sisi ilikuwa imelala sandukuni miaka mingi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuukagua mfuko wa ngozi unaokunjika kati ya lenzi na filamu. Tuliingia chumba cha giza, tukatia tochi ndani ya mfuko huo, na mara tukaona nuru ikichomoza pembeni kama nyota. Kila tundu, hata liwe dogo kama ncha ya sindano, huharibu picha. Tukayaziba yote kwa rangi nyeusi isiyokatika mfuko unapokunjwa, kisha tukakagua tena.

Kazi ya pili ilikuwa kilango cha lenzi. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda, hata kilango kilichopaswa kufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde kikawa kinasinzia. Hapa wengi hukosea kwa kuongeza mafuta. Dawa yake ni kusafisha, wala si kulainisha, na kazi hiyo yafaa aachiwe fundi. Mwisho tulipima umbali: tuliweka gazeti ukutani, tukatazama maandishi yake katika kioo cha nyuma, ambamo kila kitu huonekana kichwa chini miguu juu, tukarekebisha kipimo cha kamera mpaka vyote viwili vikakubaliana.

Sasa tuje kwenye filamu. Kila kipande kina upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 5, yaani eneo lake ni karibu mara 15 ya picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Ndiyo maana picha yake huonyesha hata kifungo cha sare. Vipande hupakiwa gizani, viwili katika kasha moja bapa, kimoja kila upande. Kwa kuwa jicho halioni, kidole ndicho kinachoongoza: filamu ina vipengee vidogo ukingoni, na vikiwa juu upande wa kulia, basi upande wenye dawa unakutazama. Kifuniko cha kasha nacho kina ukingo mweupe na ukingo mweusi. Mweupe ukiwa nje, filamu haijatumika. Ukishapiga, geuza mweusi uwe nje. Anayesahau utaratibu huo hupiga picha mbili juu ya kipande kimoja, akazipoteza zote mbili.

Je, utaratibu wote huo wafaa nini katika siku hizi za simu zipigazo picha? Jibu tunalipata katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani. Tarehe 23 Februari 1945, Joe Rosenthal, mpiga picha wa shirika la habari la Associated Press, aliipanda Mlima Suribachi akiwa na Speed Graphic. Askari sita walikuwa wakiisimamisha bendera ya pili, kubwa kuliko ile iliyosimamishwa asubuhi. Alipiga mara moja. Picha hiyo ilienea duniani, na mwaka huo huo ikampatia tuzo ya Pulitzer.

Lakini majina ya wale sita hayakuandikwa pale pale, na nyuso zao karibu hazionekani. Majina yakatafutwa baadaye. Mwaka 1947 ilibainika kwamba aliyetajwa kuwa Henry Hansen alikuwa Harlon Block, aliyekwisha kufa vitani kisiwani humo. Mwaka 2016 Kikosi cha Marine cha Marekani kilitangaza kwamba John Bradley hakuwa miongoni mwa wale sita, na kwamba Harold Schultz alikuwamo. Mwaka 2019 kikatangaza tena kwamba aliyedhaniwa kuwa Rene Gagnon alikuwa Harold Keller. Keller alikuwa amefariki mwaka 1979, na Schultz mwaka 1995. Heshima yao iliwafikia wakiwa kaburini. Bradley na Gagnon hawakuwa walaghai. Wote wawili walishiriki katika shughuli za bendera siku ile. Kamera haikusema uongo. Kilichokosekana ni karatasi na kalamu.

Kwa sababu hiyo, tulipomaliza kuifufua kamera yetu tuliongeza kitu kimoja ambacho hakikuwamo sandukuni: daftari. Kila kasha limepewa namba. Kila kipande kikipigwa, huandikwa namba hiyo, tarehe, saa, mahali, na majina ya waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, kabla hawajatawanyika. Muda wa kugeuza kifuniko ndio muda wa kuuliza, "Afande, jina lako nani?"

Askari polisi anayepiga picha mahali pa ajali, na mwanajeshi anayepiga picha ya wenzake kabla ya safari, wote wanatengeneza ushahidi. Hata ukitumia simu ya mfukoni, shika nidhamu ya kamera kongwe: tazama kwanza, piga mara moja kwa makini, kisha andika jina. Huenda siku moja jina hilo likawa ndilo pekee litakalomfikishia mama wa askari habari za mwanawe.