SINEMA YA MTO WA ZAMANI

Mwaka 1955 Karel Zeman, mtengenezaji wa sinema katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia, alitoa sinema ya Cesta do pravěku, yaani safari ya kwenda zamani za kale. Wavulana wanne waingia pangoni kwa mashua, nao watokea katika mto wa ajabu. Kadiri wanavyozidi kwenda, ndivyo miaka irudivyo nyuma. Kwanza waona tembo wenye manyoya marefu, kisha dinosauri, na mwisho wafika kwenye bahari ya kale. Wengi wa wanyama hao ni sanamu, zilizosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja.

Sinema nyingine, kama One Million B.C. ya Marekani ya mwaka 1940, huonyesha watu wakiishi pamoja na dinosauri. Jambo hilo si kweli. Dinosauri walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, zamani sana kabla ya watu kuwako.

Sisi wa Mbarara na Nakivale tunao mto wetu. Huko Nsongezi, kando ya Kagera, katika wilaya ya Isingiro ambamo Nakivale imo, wataalamu kama E. J. Wayland walichunguza mashoka ya mawe ya watu wa kale. Kwa kawaida udongo wa chini ndio uliotangulia. Basi kuchimba ni kama kupiga makasia katika sinema ile. Lakini jiwe likiisha kuondolewa mahali pake, ni vigumu kujua umri wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona jiwe lililochongwa, usiliokote, mwite mwalimu. Isiwe kwetu penye miti hapana wajenzi.