Sheria ya Mambo ya Kale: Wajibu wa Mwananchi Anapochimba, Kubomoa au Kuuza

Mwananchi anayechimba msingi wa nyumba Handeni au Korogwe anaweza kukuta vigae vya vyungu, mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa zamani, au kaburi lisilojulikana. Mara nyingi vitu hivyo huzolewa pamoja na kifusi, kwa kuwa mafundi hulipwa kwa siku na kazi haisubiri. Hata hivyo, vitu vya aina hiyo vinaweza kuwa chini ya ulinzi wa sheria hata pale ambapo hakuna kibao kilichosimikwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, iliyorekebishwa mwaka 1979, hutumia umri kuwa kipimo cha kwanza. Majengo, ngome, makaburi na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa bila kusubiri tangazo. Milango na miimo ya mbao iliyochongwa nchini kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940 inalindwa pia.

Kipimo hicho kinazigusa wilaya hizi moja kwa moja. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita katika bonde la Mto Pangani, na Wazigua waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti. Alama za maisha hayo zimo ardhini, mashambani na viwanjani.

Yapo pia yasiyolindwa kwa umri pekee. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Majengo ya enzi hiyo hupata ulinzi wa sheria hii pale tu Waziri mwenye dhamana anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali. Bila tangazo, jengo linaloheshimiwa na mji mzima laweza kubomolewa kwa kibali cha kawaida.

Tangazo halimnyang'anyi mtu nyumba yake. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1983, na hadi leo zimo nyumba za watu binafsi. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba hawezi kubomoa wala kubadilisha jengo bila idhini.

Mtu anayekuta kitu cha kale hatakiwi kukisia umri wake. Kazi hiyo ni ya wataalamu. Wajibu wake ni kusimamisha uchimbaji mahali hapo, kukiacha kitu kilipo na kutoa taarifa mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji, wa Mtaa au wa Kata. Kupitia kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri, taarifa hufikishwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kukiacha kitu mahali pake ni muhimu, kwa sababu kina chake ardhini na vitu vilivyo jirani nacho ndivyo humwezesha mtaalamu kutambua ni cha lini na cha nani. Kigae kilichokwisha kutupwa kwenye kifusi hakielezi tena hayo.

Kufukua mabaki ya kale bila leseni ni kosa, na uvumi kuhusu mali iliyozikwa na Wajerumani haumpi mtu ruhusa ya kuchimba makaburi wala magofu. Kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila leseni ni kosa pia. Familia inayofuatwa na mnunuzi wa mlango wa kuchonga iulize kwanza kwa Afisa Utamaduni kabla ya kupokea fedha.

Wananchi wanaoona jengo au eneo linastahili kutangazwa wanaweza kulijadili katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kulifikisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ili Halmashauri iliwasilishe Wizarani. Hatua hiyo ichukuliwe mapema, kwani sheria haiwezi kurudisha ukuta uliokwisha kuanguka.