Epoksi Haikaushi Mbao (Sehemu ya 3)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza kalafati na misumari. Leo tufike kwenye epoksi, maana ndiyo inayoulizwa zaidi na wenye mashua, na ndiyo inayopotezwa zaidi kwa pupa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuwa na mashua ya futi 22 ambayo sitaha yake ya nyuma, upande wa tezi, ilianza kubonyea chini ya unyayo. Nikanunua epoksi, nikakwangua rangi, nikaimimina juu ya ubao mpaka ukang'aa kama kioo. Nikajiona fundi. Masika ya mwaka wa pili yalipokwisha, nilibonyeza palepale kwa kidole gumba na ganda likapasuka kama la yai. Ndani mlikuwa na tope la kahawia linalonuka uyoga. Nikamwita fundi mmoja wa Nungwi. Alichungulia, akachota kidogo kwa ncha ya patasi, akakinusa, kisha akasema: "Maalim, huu ubao hukuutibu. Umeyafungia maji ndani."

Methali yetu ya ufa na ukuta haifai hapa. Ukiziba ufa wenye maji, kuvu litakushukuru.

Kuvu linaloozesha mbao linahitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto na maji. Chakula ni mbao yenyewe. Hewa na joto la pwani yetu hakuna awezaye kuvizuia. Kilichobaki mikononi mwa mwenye chombo ni maji tu. Mbao ikiwa na unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haliwezi kuota humo. Waingereza wana msemo wao wa "ubovu mkavu", na msemo huo umepotosha wengi, kwa sababu hakuna mbao inayooza bila kulowa. Wao wenyewe waliliona hilo zamani. Katika miaka ya 1680 Samuel Pepys, katibu wa idara ya jeshi la wanamaji, alishuka ndani ya meli mpya za kivita zilizoachwa bandarini bila kupitishiwa hewa, akachuma uyoga mkubwa kama ngumi. Meli hizo zilikuwa hazijapigana hata siku moja.

Sasa ni maji gani? Hapa ndipo wengi hushangaa. Maji ya bahari yana madhara madogo katika kuozesha. Adui ni mvua. Chumvi hulidumaza kuvu. Ndiyo maana chini ya chombo, kwenye mkuku na mbao zinazoshinda baharini, utakuta matundu ya wale viumbe warefu kama minyoo watoboao mbao, lakini ubovu wa kuvu utaukuta juu: kwenye sitaha, kwenye vichwa vya mataruma, chini ya ukingo, pahali popote maji ya mvua yanapotuama na upepo haufiki. Wajenzi wa meli wa Marekani katika karne ya 19 walikuwa wakishindilia chumvi katikati ya mataruma kwa sababu hiyohiyo. Kanuni haibadiliki nchi kavu. Nyumba za kukokotwa na gari za Ulaya zenye fremu za mbao huanza kuoza kwenye pembe za madirisha na kwenye tundu la skrubu ya paa. Bodi ya mbao ya lori huanza kuoza pale mbao mbili zinapokutana na tope.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitafuta njia ya maji. Gonga kwa mpini wa nyundo: mbao nzima hulia "ko", mbovu hulia "bwi". Fuata mlio huo mpaka uishe, kisha endelea shubiri moja zaidi, maana nyuzi za kuvu hutangulia kabla ya macho kuona kitu. Ng'oa, fungua, kausha kivulini penye upepo. Hapa pana haja ya wiki, wala si ya siku mbili.

Utajuaje kuwa imekauka? Kuna vipimo vya umeme vyenye sindano mbili, lakini mizani ya jikoni inatosha. Chonga kipande kutoka katikati ya ubao, kipime. Tuseme kina gramu 50. Kitie kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 hivi mpaka uzito uache kupungua. Tuseme kimefika gramu 40. Zilizotoka ni 10. Gawanya 10 kwa 40, upate asilimia 25. Mbao hiyo bado ni chakula cha kuvu, na epoksi haitaishika sawasawa. Asilimia 12 ni nzuri. Ikizidi 18, subiri.

Epoksi yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya vyombo. Mmoja wa walioivumbua, mkemia wa Uswisi Pierre Castan, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia katika miaka ya 1930. Walioiingiza kwa nguvu kwenye mashua za mbao ni ndugu watatu wa ukoo wa Gougeon, wa Bay City, Michigan, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Wao waliifunika mbao kavu kwa epoksi pande zote ili unyevu usiingie. Neno zito hapo ni "kavu", na ndilo linalosahauliwa.

Madukani kuna epoksi nyepesi kama maji, inayosemekana kunywewa na ubovu na kuurudisha ubao ujanani. Sina imani nayo. Wepesi huo aghalabu hutokana na asetoni au kiyeyusho kingine. Kikishapaa huacha vitundu, na vitundu hupitisha unyevu. Tena mbao hunywa kwa kichwa, pale ilipokatwa, na kwa ubavu hunywa kidogo sana. Kwa fremu ya dirisha, sawa. Kwa taruma linalobeba mawimbi, kata.

Kukata ndiyo tiba. Toa sehemu mbovu pamoja na kipande kizima kilicho jirani, kisha unga ubao mpya kwa mshazari wa 8 kwa 1: unene wa inchi 1, mshazari wa inchi 8. Paka epoksi tupu pande zote mbili kwanza, uache mbao inywe. Halafu changanya nyingine na unga laini wa mbao mpaka iwe kama uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa, paka, bana. Usikaze sana. Fundi aliyezoea misumari hukaza mpaka gundi yote itoke, na kiungo hubaki kikavu.

Kosa jingine linatoka kwenye faibaglasi. Mafundi wetu wengi wameizoea resini yake, ambayo ukizidisha dawa hukauka haraka. Epoksi haikubali. Kama mtengenezaji amesema resini 5 kwa kigumishi 1, au 2 kwa 1, kigumishi kikizidi hakiharakishi chochote. Kinabaki humo kikiulainisha mchanganyiko daima. Pima kwa kikombe, usikisie kwa jicho. Na joto letu lina hesabu yake: kila likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa nusu. Epoksi iliyojaa kikombe hujichemsha yenyewe mpaka ikatoa moshi. Imwage kwenye sinia pana. Paka alasiri, jua linapopoa, kwa sababu mbao inayopata joto asubuhi hutoa pumzi na kukujazia mapovu. Siku ya pili ukikuta utando kama nta, uoshe kwa maji na brashi kabla ya msasa. Vaa glavu: ngozi ikishaanza kuikataa epoksi, itaikataa maisha. Mwisho paka rangi, kwani jua huila epoksi iliyoachwa wazi.

Pana pahali pamoja ambapo nasema usiiguse kabisa: viungo vilivyozibwa kwa pamba ya kalafati. Mbao za jahazi huvimba zikilowa na kunywea zikipwelewa, na pamba hufuata mwendo huo. Epoksi haifuati. Ukiijaza humo, ubao utakaovimba utaisukuma, na kitakachovunjika ni ubao.

Sitaha yangu ilirudi na futi 4 za mvule mkavu zilizoungwa kwa mshazari. Tundu la bolti lililokuwa likipitisha mvua tuliliziba kwanza. Epoksi tuliyotumia haikuzidi vikombe viwili vya chai.